Kwa Nini Mlima Unauzwa Rahisi

Ploti ya hamsini kwa mia kando ya barabara kuu pale Malaba huuzwa kwa maringo, hata kama imelala kwenye tope. Mwenyewe haitembezi. Anayeitaka ndiye atakayemtafuta. Lakini panda bodaboda, uache foleni ya matrela nyuma yako, upite Amagoro, uelekee Chelelemuk ambako vilima vya mawe vinaanza kuinuka, na bei nayo itashuka kadiri unavyopanda. Nilipoanza kuulizia, nikaambiwa kwamba pesa za ploti moja ya mjini zingenipatia ekari kadhaa huko juu, pamoja na mwamba wa kukalia jioni na mandhari ya bure: Mlima Elgon upande mmoja, jabali la Tororo upande wa pili, ng'ambo ya Uganda.

Wakati huo nilikuwa wakala wa kuondoa mizigo forodhani. Ni kazi ya karatasi na usingizi wa mang'amung'amu. Chumba changu cha kupanga kilikuwa karibu na barabara, na mtu anayeishi karibu na barabara ya Malaba hujifunza kutofautisha lori linalosogea na lori linalosubiri kwa mlio wake tu. Mwaka 2020, madereva walipokuwa wakipimwa korona kabla ya kuvuka, foleni ilirudi nyuma makumi ya kilomita, nasi tukafanya kazi usiku na mchana. Ndipo nikaanza kuota mahali pa kulala. Kwetu ni Vihiga, na wanaotoka Vihiga wataelewa mara moja kwa nini sikuwaza kurudi. Shamba la babu yangu limegawanywa na kugawanywa tena hadi kila mjukuu amebaki na mistari ya mahindi. Wamaragoli wengine walilitambua tatizo hilo mapema. Wapo waliohama tangu enzi za ukoloni wakaenda kufungua mashamba hadi Kigumba, ndani kabisa ya Uganda. Mimi nilitaka tu kufika pale juu.

Broka aliyenipeleka alikuwa kijana mchangamfu mwenye simu mbili. "Mama Sharon," akaniambia tukiwa tumesimama kwenye majani, "hii ni ya kuokota."

Katika kazi yetu, neno hilo humfanya mtu akaze mkono kwenye pochi. Bidhaa inayouzwa chini ya bei yake ina sababu. Labda muda wake umekwisha, labda ushuru wake haujalipwa, labda ina mwenyewe mwingine anayeitafuta. Sababu ikijulikana, biashara inaweza kuendelea. Isipojulikana, uinunuayo ni sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo sikuuliza bei ingepungua kiasi gani. Niliuliza kwa nini ilikuwa imepungua tayari.

Majibu niliyopewa yalikuwa ya juu juu. Barabara mbaya. Mawe mengi. Stima haijafika. Yote yalikuwa kweli. Ule mteremko umechakaa pia kwa historia yake, kwani miaka ya kilimo cha tumbaku iliteketeza kuni nyingi za kukaushia majani, na miti iliyobaki mlimani ilihesabika. Lakini kuna mashamba yenye barabara mbaya zaidi ya hiyo ambayo hayauzwi hata ukipiga magoti.

Siku hizo vijana wa ofisini kwetu walikuwa wakioneshana kwenye simu habari za nyumba za yuro moja kule Italia. Mji wa Salemi, kisiwani Sicily, ulilitangaza wazo hilo mwaka 2008, meya akiwa Vittorio Sgarbi. Salemi ulikuwa umeharibiwa na tetemeko la bonde la Belice la Januari 1968, na kama miji mingi ya vilimani ya kule, vijana wake walikuwa wamehamia kaskazini na ng'ambo kutafuta kazi. Mwaka 2019 ikawa zamu ya Sambuca, nao ukajulikana dunia nzima. Masharti ya miji hiyo hufanana: uikarabati nyumba ndani ya miaka mitatu hivi, na uweke amana, mara nyingi yuro 5,000, ambayo utaipoteza usipotimiza ahadi. Yuro moja, basi, ni ya gazetini. Bei yenyewe iko kwenye paa, mabomba na mafundi.

Vijana walicheka wakasema nami nimepata Italia yangu ya Teso. Nililitafakari jambo hilo kuliko walivyokusudia. Nyumba ya Salemi ni rahisi kwa sababu wenyewe wameondoka, na mji unaomba watu. Shamba la Chelelemuk ni rahisi kwa sababu wenyewe wapo, wote, na hawajamalizana. Kule unalipia upweke uliobaki, huku unalipia kikao ambacho hakijafanyika. Na hata kununua si kwa kila mtu. Shamba la kilimo nchini Kenya haliuziwi asiye raia, kwani bodi ya ardhi haina ruhusa ya kumpa kibali, na Katiba ya 2010 haimruhusu zaidi ya kukodi kwa miaka isiyozidi 99. Sheria hiyo watu huiwazia Wazungu. Mpakani inamgusa binamu wa mtu, aliyezaliwa upande wa pili wa mto.

Nilikwenda Busia, kwenye afisi ya usajili wa ardhi, kufanya sachi. Namba za mashamba ya huku zina majina ya zamani, South Teso/Angoromo, Bukhayo/Mundika na mengineyo, na kila moja imebeba mgao uliofanywa wakati maafisa wa serikali walipopita kupima na kuandikisha, miaka ya mwanzo ya uhuru. Karatasi ilirudi na jina nisilolijua. Lilikuwa la baba yake mzee aliyekuwa ananiuzia, naye alikuwa amefariki tangu enzi za Rais Moi. Hakuna aliyekuwa amefungua mirathi. Watoto waligawana kwa mdomo, mmoja hadi kwenye mkwaju, mwingine hadi kwenye makonge, wakalima, wakaoa, wakazika. Kwenye rejista shamba lilikuwa la mtu mmoja aliyekufa. Mlimani lilikuwa la familia nzima iliyo hai.

"Hiyo si shida, tutamaliza na chifu," akasema broka.

Chifu ni mtu muhimu, tena barua yake ndiyo inayofungua mlango wa mahakama, ikiwataja warithi wote. Lakini chifu hauzi mali ya marehemu, wala mwanawe hauzi kabla hajapewa mamlaka na mahakama. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika Julai 1981, inaita jambo hilo kuingilia mali ya marehemu, nayo ni kosa la jinai. Nimekutana na watu hapa Malaba wenye makubaliano yaliyopigwa mihuri mizuri, yenye dole gumba la muuzaji na la mashahidi, ambayo hayana thamani ya wino wake. Wengine wameshajenga. Wanalala humo wakisubiri siku mjukuu mmoja atakapomaliza shule na kuanza kusoma karatasi.

Nikamwambia mzee, ambaye kwa desturi ya Waiteso nilikuwa nikimwita Papa, kwamba nitanunua, lakini silipi hata senti mpaka mirathi iishe. Nilitegemea akasirike. Alinyamaza, akachokonoa ardhi kwa fimbo, kisha akasema, "Basi itabidi dada zangu waje."

Kumbe hapo ndipo penye uzito wa bei.

Dada wawili walikuwa wameolewa ng'ambo, upande wa Tororo. Mto Malaba kwao ni maji ya kuvukwa tu, kwani Waiteso wako pande zote mbili, na mpaka wenyewe una umri mdogo kuliko koo zao. Hadi mwaka 1902 eneo hili la magharibi mwa Kenya lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, kisha likahamishwa kwa amri iliyotoka mbali. Kaka zao walikuwa wamegawana shamba bila kuwauliza, kwa hoja ya kawaida: msichana aliyeolewa ana shamba kwa mumewe. Sheria ya Urithi haisemi hivyo. Baba akifa bila wosia, watoto hugawana sawa, mabinti kwa wavulana, aliyeolewa na asiyeolewa. Hilo limo katika sheria tangu mwanzo, na Katiba ya 2010 ikalikazia, ila mlimani lilikuwa halijawahi kusemwa kwa sauti katika boma lile.

Walikuja siku ya soko, kila mmoja na bodaboda yake, wamevaa gomesi kama wanakwenda harusini. Tuliketi chini ya mkwaju. Chungu cha ajono kiliwekwa katikati, mirija mirefu ikapangwa, na kwa muda mrefu hakuna aliyetaja shamba. Wakaulizana mvua, wimbi, watoto na ng'ombe aliyekufa. Mimi, mtu wa afisi ninayehesabu saa kwa faini za makontena, nilitamani mtu aanze. Baadaye nilielewa kwamba walikuwa wameshaanza. Habari za ng'ombe aliyekufa zilikuwa njia ya kuuliza ni nani aliyemtunza mama yao mwisho wa maisha yake, na jibu lilionyesha nani alikuwa na deni kwa nani.

Dada mkubwa ndiye aliyefungua kinywa. Hakukataa kuuza. Alitaka mambo mawili. Kwanza, fungu lake alipwe mkononi mwake mwenyewe, mbele ya chifu, si kupitia kwa kaka. Pili, kaburi la baba na la mama yasiwe ndani ya uzio wa mtu mwingine. "Huyu mama ni mtu mzuri, ninamwona," akasema akininyooshea mkono. "Lakini naye atakufa. Mtoto wake hatujui ni mtu gani. Siku moja nitakuja kumlilia baba, nikute geti."

Mdogo wao wa kiume akaguna kwamba dada anaharibu bei. Papa akamwambia anyamaze.

Nimesikia mawakili wakieleza haki ya kuingia makaburini, na inaweza kweli kuandikishwa kwenye hatimiliki kama haki ya njia. Lakini sikuona sababu ya kununua kaburi la watu ili nije niwape ruhusa ya kulizuru. Survea alipokuja kupima alihamisha mstari. Makaburi, mkwaju na njia ya kufikia vyote viwili vikabaki upande wa familia, na kipande changu kikapungua kidogo, kikakosa kile kivuli nilichokuwa nimekipenda tangu siku ya kwanza. Ukiniuliza ni pesa gani niliyoitumia vizuri kuliko zote katika shughuli ile, nitakuonyesha kivuli hicho.

Mirathi yenyewe ilikwenda mwendo wake: barua ya chifu, maombi mahakamani Busia, tangazo katika Gazeti la Serikali na siku 30 za kungoja mwenye pingamizi, kisha miezi mingine kabla ya mgao kuthibitishwa. Sina mengi ya kusema juu ya kipindi hicho. Mtu mwenye haraka asianze.

Siku ya bodi ya ardhi ndiyo ninayoikumbuka kwa furaha. Watu wengi huiona kama muhuri mwingine wa kutafuta, na Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 huwajia kama tishio: usipoomba kibali ndani ya miezi sita tangu mkataba, uuzaji wa shamba la kilimo unabatilika. Lakini keti kwenye benchi pale Amagoro asubuhi nzima, usikilize. Mwenyekiti ni naibu kamishna wa kaunti, pembeni yake wazee wa eneo, na swali lao kubwa si karatasi. Ni chakula. Kijana mmoja kabla yetu alikuwa anauza ekari ya mwisho ili anunue pikipiki. Wakamrudisha nyumbani kwa maneno ambayo mama yake, aliyekuwa nyuma yangu, aliyapokea kwa "asante" ya chini chini.

Ikafika zamu yetu. Mke wa Papa aliitwa mbele, kwani sheria za ardhi za 2012 na ile ya mali ya ndoa ya 2013 zinataka ridhaa ya mwenzi, nayo bodi haitaki ridhaa ya kuletwa kwenye bahasha.

"Mama, unajua mzee anauza nini?"

"Ninajua."

"Mkishauza, mtakula wapi?"

Akawaorodheshea: mihogo ya chini, karibu na kijito, boma, kipande cha wimbi. Akasema kwa sauti ya mtu anayehesabu watoto wake. Mzee mmoja wa bodi, ambaye bila shaka alilijua shamba hilo kuliko mimi, akatikisa kichwa kukubali kila alichotaja.

Kisha mwenyekiti akanigeukia. "Nawe mama, unanunua pamoja na nani?"

"Peke yangu, bwana mwenyekiti."

"Mzee hayupo?"

"Hayupo."

"Na huko juu utalala peke yako na mawe?"

Benchi zima likacheka, nami nikacheka nao. Mke wa Papa hakucheka. Akasema, "Atalala na sisi." Kibali kikatoka.

Hatimiliki ilipokuwa mkononi, nilidhani kilichobaki ni mafundi. Fundi wa msingi alifurahi kwa sababu mawe hayakununuliwa. Simenti ilikuwa hesabu nyingine. Kiwanda cha Tororo kiko karibu kuliko chochote cha upande wetu, na mtu wa mpakani huangalia shilingi ya nchi zote mbili kila asubuhi kabla ya kuamua mifuko itoke wapi. Kwa mizigo midogo isiyozidi thamani ya dola 2,000, utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki humwezesha mfanyabiashara mdogo kuvuka na cheti cha asili ya bidhaa bila kulipia ushuru wa forodha, na nilikuwa nimewasaidia akina mama wengi kukijaza cheti hicho kabla sijakihitaji mwenyewe. Kutoka barabarani hadi juu, bodaboda ilibeba mifuko miwili kwa mara, na dereva akishuka kusukuma.

Lakini kabla ya msingi walikuja wanawake wa kokoto. Upande wa chini wa kipande changu kuna mwamba uliopasuka, na kwa miaka walikuwa wakiketi hapo na nyundo, wakiponda mawe ya kuwauzia wajenzi wa mjini. Survea hakuwaona kwa sababu alikuja siku ya soko. Mkataba haukuwataja. Waliponiona na fundi walisimama, nyundo mikononi, wakinitazama kwa adabu inayotisha. Kisheria sikuwa na la kujadili. Nikaketi nao. Tukapatana kwamba wataendelea upande wa chini, wasikaribie msingi, na kokoto ya nyumba yangu nitainunua kwao kwa bei ya mjini. Broka alinicheka kwamba ninanunua mawe yangu mwenyewe. Ni kweli. Ila tangu hapo hakuna mfuko wa simenti uliopotea usiku, wakati jirani wa bonde la pili, mwenye uzio wa seng'enge na mlinzi, hulalamika kila mwezi.

Mipaka nayo ina mambo yake. Mashamba mengi ya huku yalisajiliwa chini ya sheria ya 1963 kwa mipaka ya jumla. Ramani ya afisini inaonyesha umbo na jirani, haidai kujua kila hatua, na ukubwa ulioandikwa ni wa kukadiria. Mpaka wenyewe ni makonge, minyaa na kumbukumbu za watu. Kukizuka ugomvi, mahakama haiusikilizi mpaka msajili wa ardhi atoke afisini aje aone. Kwa hiyo nilipotaka kuotesha minyaa mipya, nilimwita jirani wa kila upande aoteshe pamoja nami, kila mmoja kwa mkono wake, na watoto wao wakiangalia. Sikuwahi kufikiri kwamba watoto ni sehemu ya upimaji.

Nilipokuwa nimeshahamia, mtu wa makumbusho alinieleza juu ya Kakapel, ule mwamba wenye michoro ya kale hapo hapo Chelelemuk. Wataalamu waliochimba chini yake walipata mabaki ya mimea ya watu waliokaa pale kwa nyakati tofauti katika miaka 9,000 hivi, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024 wakaeleza kunde za miaka kama 2,300 iliyopita, na wimbi lililokuja baadaye. Vizazi tofauti, mazao tofauti, waliofika wakikuta wengine. Niliposikia hivyo nilijiona mgeni wa juzi kabisa, jambo ambalo halikunisumbua hata kidogo. Lililonisumbua ni stima.

Stima ilipopanda mlima, na watu wa barabara walipoonekana wakipima, bei zikaanza kutembea. Hapo ndipo yule kaka mdogo alipokuja, jioni moja, akaketi kwenye ngazi bila kukaribishwa.

"Mama Sharon, wewe ulinunua tukiwa gizani. Ongeza kitu."

Nikamkumbusha kwamba bei ilisemwa mbele ya watu wote, chini ya mkwaju, kisha mbele ya bodi, na kwamba hakuna aliyelazimishwa.

"Ninajua," akasema. "Sisemi uliiba. Ungenunua kwa mdomo kama wengine, ningekushtaki leo na ningeshinda. Lakini uliwaleta dada zangu. Wao wakapata sawa na mimi. Hilo ndilo linaloniuma."

Sikuwa na jibu. Alikuwa amesema alichokuja kusema, na mimi singeweza kulipia uchungu wa namna hiyo, wala sikutaka. Nikamwambia kwamba nguzo za uzio wa mafundi bado ziko nyuma ya nyumba, na kama anazitaka kwa zizi lake, azichukue. Kesho yake alikuja na mkokoteni, akazihesabu, akaniuliza misumari iko wapi.